Gari moja, madereva wanne: nani aandikwe dereva mkuu kwenye bima

Hili swali naulizwa kila mara pale ofisini (mimi ni wakala wa bima hapa Mwanza) na linakuja kwa sura tofauti tofauti ila ni lilelile: gari ni ya familia, kadi ina jina la mzee, hela ya bima katuma dada aliyeko Dar, anayeendesha kila siku ni mdogo wao, sasa kwenye fomu pale panapouliza nani ataendesha tuandike nani? Na mara nyingi kabla sijajibu mtu ameshajijibu mwenyewe, "andika tu mzee bwana, si ndo mwenye gari." Hapana, ngoja kwanza.

Dereva mkuu ni yule atakayeshika usukani kuliko wenzake wote kwa ule mwaka ambao bima iko hai. Basi. Sio mwenye kadi, sio aliyelipa, sio mkubwa kiumri, sio yule mwenye leseni ya siku nyingi ambaye mnaona jina lake litapendeza kwenye karatasi. Kuna mmiliki, kuna mkata bima (yule ambaye bima iko kwa jina lake), kuna dereva, na kwenye familia nyingi za huku kwetu hao ni watu watatu tofauti na wala sio kosa, kosa ni kuwachanganya.

Fomu nyingi haziandiki hata hilo neno dereva mkuu. Zinauliza kwa mafumbo kidogo: je gari itaendeshwa na wewe peke yako? kama sio, taja wengine wanaoendesha, umri wao, wana leseni muda gani, kuna aliyewahi kupata ajali au kufungiwa leseni, kuna mwenye tatizo la macho au ulemavu unaoathiri kuendesha. Wengine wanaweka na swali la kama kuna dereva chini ya miaka 21 au 25. Ukiunganisha majibu yote hayo ndo picha ya dereva mkuu inatoka. Kwahiyo hatua ya kwanza kabisa ni kuomba fomu uende nayo nyumbani, usiijazie kaunta umesimama huku bajaji inakusubiri nje. Na usimwachie wakala akujazie alafu wewe unasaini chini tu. Nasema hivyo na mimi ndo wakala, kwasababu sahihi ni yako, siku ya siku utaulizwa wewe.

Kwanini watu wanadanganya hapo? Wengi wanaamini kijana akiandikwa bei inapanda. Hii imani imetoka mbali kweli, imetoka kwa ndugu zetu walioko Uingereza. Kule kampuni inapanga bei kwa kumwangalia dereva: umri, ana leseni miaka mingapi, gari inalala mtaa gani, ana rekodi gani. Kijana wa miaka 19 anapigiwa bei ya kutisha, ndo maana wazazi wengine wanajiandika wao kama dereva mkuu na mtoto wanamweka pembeni kama dereva wa ziada wakati gari iko chuoni na mtoto wiki nzima. Kule mchezo huo unahesabika ni udanganyifu, wakikushika bima inafutwa na madai yanakataliwa, na ukishafutiwa bima mara moja kupata nyingine ni shughuli.

Huku Tanzania hesabu ni nyingine. Bima ndogo ya gari binafsi, ile ya lazima kisheria inayomlipa mtu uliyemgonga, kiwango chake ni laki moja, ukiweka VAT ya 18% inakuwa 118,000, na hapo awe anaendesha bibi au mjukuu ni hiyohiyo. Bima kubwa, ile inayolipa na gari yako mwenyewe, inakwenda kwa thamani ya gari, kwa gari binafsi ni 3.5% ya thamani. Chukua IST ya milioni 15: unapata 525,000, VAT ni 94,500, jumla 619,500. Umeona sehemu yoyote hapo nimezidisha kwa umri wa mtu? Sasa unadanganya ili uokoe nini? Yani unajitafutia matatizo ya bure kabisa, maana dereva haangaliwi sana siku ya kulipa ila siku ya kudai ndo anaangaliwa kwa darubini.

Pale kijana anapoweza kukugusa mfukoni ni kwenye ekses, ile sehemu ya hasara ambayo unabeba mwenyewe kabla kampuni haijaweka yake. Policy nyingi, yani ule mkataba wa bima wenyewe, zinaongeza ekses kama aliyekuwa anaendesha ni mdogo wa umri au leseni yake ni mpya. Hiyo isome, iko kwenye kurasa za ndani ambazo hamna mtu anazifungua, na uijue kabla gari haijaingia mtaroni. Lakini angalia vizuri: ekses inamfuata aliyekuwa anaendesha siku hiyo, hata kama kwenye fomu umeandika mzee, kijana akigonga ekses ya kijana ndo itakayotumika, alafu juu yake umejiongezea swali la kwanini hukumtaja.

Haya sasa tunampataje dereva mkuu. Usikae kikao kwanza, kikao kikianza bila hesabu kila mtu anatetea heshima yake. Anza na daftari. Ning'iniza daftari dogo na kalamu pale funguo zinapokaa, kila anayechukua gari anaandika jina, anaenda wapi, na kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi wakati anaondoka na wakati anarudi. Mwezi mmoja unatosha, ila usiwe mwezi wa sikukuu au wa msiba maana huo utakudanganya.

Tuseme ni familia ya Buhongwa. Mzee mstaafu, anaendesha jumapili kanisani na mara mojamoja Misungwi kuangalia shamba. Mama anauza dagaa, kuna siku anatoka alfajiri kwenda Mwaloni pale Kirumba. Dada ni nesi Bugando. Mdogo wao wa kiume yuko chuo, SAUT, anaiba gari jioni kama mzee amelala. Daftari baada ya mwezi linasema mzee kilomita 130, mama 300, dada 560, kijana 90. Jumla ni 1,080, na dada peke yake amevuka nusu. Hapo hamna cha kubishana, dereva mkuu ni dada, hata kama kadi ya gari haina hata herufi moja ya jina lake.

Kwanini nimesema kilomita na sio siku? Kwasababu mtu anaweza kuigusa gari kila siku kwa kuitoa getini hadi dukani kwa Mangi na kurudi, mwingine akaigusa mara mbili kwa wiki ila ni safari ya Geita. Na hizi safari ndefu zimeongezeka, tangu daraja la Kigongo Busisi lifunguliwe Juni 2025 watu wanaenda Sengerema na Geita kama wanaenda Igoma, zamani ulikuwa unafikiria foleni ya kivuko unaghairi. Kwahiyo kama mtu wa kwenu kazi yake sasa ni kuvuka daraja kila wiki, mzani umebadilika, usitumie mazoea ya miaka miwili nyuma.

Kilomita zikikaribiana sana, mfano mume na mke wanagawana sawa, angalia vitu viwili. Gari inalala kwa nani na nani anaitumia saa mbaya, usiku na ile mida ya foleni. Bado ni sawa? Waandikeni wote wawili kwamba wanaendesha mara kwa mara, na jina la mkata bima liwe la mwenye kadi. Hamna sheria inayosema lazima mgombane mpaka apatikane mmoja.

Daftari hilohilo litakutolea na kitu kingine ambacho mimi naona ni kikubwa kuliko hata suala la dereva, nacho ni matumizi. Rudi kwa yule mama wa dagaa. Gari imekatiwa bima kama gari binafsi, lakini alfajiri viti vya nyuma vimelazwa, magunia yamepangwa mpaka kioo cha nyuma hakionyeshi kitu, harufu unaijua mwenyewe, na anapeleka sokoni kuuza. Hiyo ni mizigo ya biashara. Ukipata ajali pale na magunia yamemwagika barabarani, huyo mtu wa kampuni anayekuja kukagua hahitaji kuuliza gari ilikuwa inafanya nini. Vilevile kijana anayewasha programu ya kubeba abiria jioni ili apate hela ya vocha, au anayepiga speshoo za airport. Gari binafsi haibebi abiria wa kulipa, na hapo utakuta dereva yuko sawa, leseni iko sawa, ila matumizi ndo yamekuangusha. Mwambie wakala ukweli, akupe bei ya matumizi hayo, utaongeza hela kidogo na utalala.

Sasa ndo uite kikao. Na hapa natoa tahadhari, kwenye familia za huku kwetu tatizo linakuwaga kwa mzee. Niliwahi kukaa na familia moja, binti kamwambia baba yake kwa upole tu kwamba kwenye fomu dereva mkuu ataandikwa yeye binti, mzee akavua miwani akaiweka mezani, akasema, "Yani gari nimenunua kwa kiinua mgongo changu, leo mnaniandika namba tatu?" Kimya. Binti akamjibu vizuri sana, "Baba, gari ni yako na bima ni ya jina lako, hapa wanauliza tu nani anachoka na foleni ya Mkuyuni." Mama akacheka kwanza, mzee naye akacheka, yakaisha. Kwahiyo msianze na maneno dereva mkuu, anzeni kwa kumwonyesha kwamba jina lake liko juu kabisa kama mmiliki na mkata bima, alafu mteremke chini kwenye madereva.

Mkishakubaliana, kila anayeendesha alete leseni yake mezani, aitoe kwenye pochi muione. Sio picha ya kwenye simu ya mwaka juzi. Angalia tarehe ya kuisha, watu wengi wanajua walichukua leseni ila hawajui imekufa lini. Angalia na daraja, gari binafsi ya kawaida ni D, mwenye leseni ya pikipiki peke yake huyo sio dereva wa hii gari hata kama anaendesha vizuri kuliko wote. Mwenye leseni ya kujifunzia mweke pembeni mpaka umuulize wakala policy yenu inasemaje, usidhani tu. Karibu kila policy ina sentensi inayosema gari iendeshwe na mkata bima au mtu yeyote mwenye ruhusa yake, *ilimradi* ana leseni halali. Hiyo ilimradi ndo inawaua watu. Ruhusa ya baba bila leseni haina maana yoyote mbele ya kampuni.

Kijana anayeiba gari usiku tunamwandika? Mwandike. Najua mzee atasema ukimwandika ni kama umemruhusu, lakini kilomita 90 kwa mwezi sio wizi tena hizo, ni matumizi, na kama ana leseni taja jina lake, umri wake na mwaka alioanza kuendesha. Kama hana, funguo zilale chumbani kwa mzee, hapo bima haina msaada wowote.

Mjomba anayekuja na meli kutoka Ukerewe mara mbili kwa mwaka akaomba gari aende Kisesa kwenye harusi huyo hahitaji kutajwa, ile sentensi ya ruhusa inamfunika kama leseni yake iko hai. Lakini mjomba huyohuyo akihamia kwenu miezi mitano kwa ajili ya matibabu na akawa anaendesha kila siku, amekuwa dereva wenu, mtaje. Dereva wa kuajiriwa anayempeleka mama sokoni mtaje siku ya kwanza kabisa, na mkimbadilisha toeni taarifa. Vijana wa kuosha magari wanaopenda kuisogeza wenyewe wakupishie kwanza, isogeze mwenyewe, ni hatua tano tu.

Kuna na hali moja inayokuja sana na haizungumzwi. Mzee amefariki, gari bado ina jina lake, watoto wanaendelea kulipia bima kwa jina la marehemu kwasababu mfumo unakubali. Hapo usianze na swali la dereva mkuu, anzeni na msimamizi wa mirathi, mkabadilishe umiliki TRA, alafu bima ikatwe kwa jina la mtu aliye hai mwenye haki na hiyo gari. Najua kuna ndugu wanaovutana, lakini mkumbuke kampuni ikitakiwa kulipa itatafuta wa kumlipa, na marehemu hasaini hati ya malipo.

Kwenye kuandika sasa. Usiandike "familia" kwenye sehemu ya madereva, nimeona fomu nyingi za hivyo, familia sio mtu na haina leseni. Andika majina kamili kama yalivyo kwenye leseni, kwa mpangilio wa anayeendesha zaidi kwenda anayeendesha kidogo, mbele ya kila mmoja weka namba ya leseni na sentensi fupi, mfano "anaendesha kwenda kazini, siku nyingi za wiki". Nafasi ikiisha ongeza karatasi, saini na hiyo karatasi, iandikwe kwamba ni sehemu ya fomu. Ajali za nyuma ziseme hata kama zilikuwa ndogo. Bima inasimama juu ya mkata bima kusema kila jambo muhimu analolijua, ameulizwa kwa undani au hajaulizwa, na kampuni ikikuta ulificha kitu ambacho kingeibadilishia maamuzi ina sababu ya kukataa kulipa. Hata kwenye bima ndogo usijione uko salama, aliyegongwa anaweza kulipwa alafu kampuni ikageuka ikakudai wewe.

Kabla hujarudisha fomu ipige picha kurasa zote, zisomeke. Ukishalipa ingia kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa TIRA (mamlaka inayosimamia bima), weka namba ya usajili ya gari, hakikisha inaonekana iko hai, kampuni ni ile uliyoambiwa, aina ya bima ni ile uliyolipia na tarehe ziko sawa. Mtu anakwambia stika itakuja kesho, mwambie haya, ila mimi naangalia leo. Alafu omba policy yenyewe, sio stika tu, maana yale ya madereva na ekses yako huko ndani.

Katikati ya mwaka mambo yakibadilika, dada amehamishiwa Geita kaondoka na gari, au kijana amemaliza chuo kapata kazi Nyakato na sasa yeye ndo kila siku, usisubiri bima iishe. Mwandikie wakala ujumbe wa maandishi, WhatsApp inafaa kuanzia, ila mwambie unataka marekebisho yaingie kwenye policy na akupe karatasi ya kampuni inayoonyesha hivyo. "Nimekusikia dada yangu usijali" ya kwenye simu sio marekebisho. Mimi mwenyewe mteja akinipigia namwambia kata simu, niandikie.

Na siku ya ajali, jamani, hapa ndo familia nyingi zinaharibu kazi yote. Kijana amegonga pale Butimba, anampigia baba, baba anapanda bodaboda anafika, anamwambia trafiki nilikuwa naendesha mimi. Anafanya kwa upendo, naelewa kabisa. Lakini mashahidi wamejaa pale, mtu ameshapiga video, aliyegongwa amemwona kijana, ripoti ya polisi na mchoro vinaandika kimoja na fomu ya madai inaandika kingine, na madai ambayo yangelipwa kwa kukatwa ekses tu sasa yanageuka kesi. Aliyekuwa anaendesha aseme ni yeye. Kama kuna majeruhi PF3 ichukuliwe, apelekwe hospitali, polisi wapime, wakala apigiwe siku hiyohiyo, na jina la dereva liwe lilelile kwenye kila karatasi kuanzia ya trafiki mpaka ya kampuni. Kama jina hilo mlilitaja kwenye fomu tangu mwanzo, mahojiano ya kampuni yanakuwa mafupi sana.

Wakikataa kulipa na unaona umesema kila kitu kwa ukweli, omba barua ya kukataa yenye sababu, iwe ya maandishi. Ukiwa nayo na zile picha za fomu, peleka malalamiko TIRA, wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza, na yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kwa ajili ya kesi za namna hiyo. Nenda na policy, fomu, risiti, ripoti ya polisi na zile meseji za wakala. Daftari la kilomita nalo libebe, halina uzito wa kisheria sana ila likikaa mezani linaonyesha mlikuwa hamfichi kitu.